Gesi ya Gari la Friji Haiishi, Huvuja: Somo kwa Wasafirishaji wa Maziwa, Nyama na Chanjo

Katika barabara kuu inayopita Eldoret kuelekea Malaba, hutakosa kuona gari lenye sanduku jeupe na mashine inayonguruma juu ya kichwa cha dereva. Wengi wetu tunaliita gari la friji. Hubeba maziwa ya pakiti, mala, nyama, samaki, aiskrimu, dawa na chanjo. Mashine hiyo ikifanya kazi vizuri, hakuna anayeitaja. Ikizembea, maziwa huganda dukani, nyama hubadilika rangi, na chanjo hupoteza nguvu bila mtu yeyote kuona kwa macho.

Somo la toleo hili linahusu huduma ya mashine hiyo. Limeandikwa kwa ajili ya wenye magari, madereva, vyama vya ushirika vya wafugaji, wenye bucha na maduka, na vijana wanaojifunza ufundi. Jambo moja tungependa kila msomaji alishike: gesi ya friji haiishi kama dizeli inavyoisha. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua, imevuja. Fundi anayeongeza gesi bila kutafuta tundu hajatoa huduma, ameahirisha hasara.

Kwa nini jambo hili linatuhusu sote

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti kazi ya huduma za afya, machinjio, huduma za mifugo, na utoaji wa leseni kwa biashara zinazouza chakula kwa umma. Usafiri wa nyama unasimamiwa pia na Sheria ya Udhibiti wa Nyama, Sura 356, na biashara ya maziwa na Sheria ya Sekta ya Maziwa, Sura 336. Lakini hakuna afisa anayeweza kukaa ndani ya kila gari. Anayekaa humo ni dereva, na anayelipa gharama ni mwenye mzigo.

Viwango vya kukumbuka ni vichache. Maziwa yaliyochemshwa kiwandani na kupakiwa hutakiwa kubaki karibu na nyuzi 4 za Selsiasi. Vyakula vilivyogandishwa husafirishwa kwa nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi. Chanjo nyingi hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Kwa chanjo, baridi kupita kiasi ni hatari kama joto. Chanjo kama ile ya pentavalent, wanayodungwa watoto wachanga, huharibika kabisa ikiganda, hata kama baadaye itayeyuka na kuonekana kama kawaida.

Mashine huhamisha joto

Friji haitengenezi baridi. Hutoa joto ndani ya sanduku na kulitupa nje. Mkazi yeyote wa Eldoret anayepika githeri tayari anajua nusu ya somo hili. Mji wetu uko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni mdogo kuliko Mombasa. Kwa sababu hiyo maji huchemka karibu na nyuzi 93 badala ya 100, na maharagwe huchukua muda mrefu kuiva. Kanuni ni hii: mgandamizo ukishuka, kiowevu huchemka kwenye joto la chini zaidi. Ukipanda, huchemka kwenye joto la juu zaidi.

Gesi ya friji hutumia kanuni hiyohiyo. Gesi iitwayo R-404A, ambayo imetumika sana katika magari makubwa ya friji, huchemka kwenye nyuzi 46 hivi chini ya sifuri katika mgandamizo wa hewa ya pwani. Kompresa huibana gesi hadi iwe na joto kali. Kisha gesi hupita kwenye koili ya nje, ambayo mafundi huiita kondensa, ambako upepo wa feni huipokonya joto na kuigeuza kuwa kiowevu. Kiowevu hupita kwenye draya, kichujio kinachonasa unyevu na uchafu, kisha kwenye vali ya upanuzi ambako mgandamizo hushuka ghafla. Ndani ya koili iliyo upande wa mzigo, kiowevu huchemka kwa baridi na kunyonya joto la sanduku. Mwisho gesi hurudi kwenye kompresa, na safari inaanza upya.

Gesi hiyo pia hubeba mafuta yanayolainisha kompresa, na baridi yake ya kurudi ndiyo inayoipoza kompresa yenyewe. Ndiyo maana gari linaloendeshwa na gesi pungufu kwa miezi kadhaa huishia kuunguza kompresa. Tundu dogo lililoachwa limegharimu kifaa kilicho ghali kuliko vyote katika mashine. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Dalili za gesi kuvuja

Dereva hahitaji vifaa vya fundi kuziona dalili hizi:

1. Sanduku linachukua muda mrefu kuliko zamani kufikia baridi iliyowekwa, na mashine haipumziki.
2. Koili ya ndani inapata barafu sehemu moja tu, huku sehemu nyingine ikiwa kavu na yenye joto.
3. Kuna doa la mafuta lililoshika vumbi kwenye maungio ya mabomba au kando ya kompresa. Gesi inapotoka hutoka na mafuta. Gesi huyeyukia hewani na mafuta hubaki kama shahidi.
4. Mapovu yanapita mfululizo kwenye kioo kidogo cha kuangalia kiowevu. Mapovu peke yake si ushahidi kamili, lakini ni sababu ya kumwita fundi.

Katika vioo vingi kuna pia alama ya rangi. Kijani huonyesha kwamba mfumo ni mkavu. Ikigeuka njano, unyevu umeingia. Unyevu huo huweza kuganda kwenye vali na kuziba njia, na ukichanganyika na mafuta hutoa asidi inayokula mashine.

Gari la friji huvuja kwa urahisi kuliko friji ya nyumbani kwa sababu hutikisika siku nzima. Barabara ya murram ya kwenda kukusanya mzigo mashinani hulegeza maungio na kusugua mipira ya gesi. Kwa magari madogo ambayo kompresa huzungushwa na beliti ya injini ya gari, sili ya shafti hukauka na kuvuja gari likikaa muda mrefu bila kutumika. Washa mashine kwa dakika chache angalau mara moja kwa wiki hata kama huna mzigo, ili mafuta yaifikie sili hiyo.

Huduma sahihi, hatua kwa hatua

Kazi ya kufungua mfumo wa gesi ni ya fundi aliyefunzwa. Hata hivyo, mwenye gari anapaswa kujua hatua zake ili aweze kuuliza maswali.

Kwanza, fundi apime kabla ya kugusa. Anaandika joto la hewa inayoingia na inayotoka kwenye koili ya ndani, na mgandamizo wa pande zote mbili. Bila vipimo vya mwanzo, hakuna wa kuthibitisha kwamba huduma imesaidia.

Pili, atafute tundu. Anaweza kutumia maji ya sabuni, kifaa cha kielektroniki cha kunusa gesi, au rangi inayong'aa chini ya taa maalumu. Aanze penye madoa ya mafuta.

Tatu, akusanye gesi iliyobaki kwenye mtungi maalumu na kuipima uzito. Asiiachilie hewani.

Nne, atengeneze palipovuja na kubadilisha draya. Kila mara mfumo unapofunguliwa, draya hubadilishwa, kwa kuwa ya zamani imekwisha kunywa unyevu wa hewa. Mafuta ya kisasa yanayotumika na gesi hizi nayo hunyonya unyevu haraka, kwa hiyo mabomba yasiachwe wazi wakati fundi ameenda kula.

Tano, ajaribu uthabiti wa mabomba kwa nitrojeni kavu kupitia regyuleta, bila kupita kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mashine. Mgandamizo ukishuka, tundu jingine bado lipo.

Sita, avute hewa na unyevu wote kwa pampu ya kuvuta hewa. Kiwango kinachokubalika na wengi ni maikroni 500. Kisha afunge vali, azime pampu na kusubiri. Kipimo kikipanda haraka, kazi haijaisha.

Saba, aweke gesi kwa mizani, kwa uzito ulioandikwa kwenye kibandiko. Kukadiria kwa macho au kwa kugusa bomba hakutoshi. R-404A ni mchanganyiko wa gesi tatu, na hutolewa mtungini ikiwa kiowevu ili mchanganyiko usiharibike.

Nane, aendeshe mashine, alinganishe vipimo vipya na vya mwanzo, na kuandika yote kwenye daftari la gari.

Kwa nini geji ya Eldoret husoma tofauti

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vingi vya mafunzo havilitaji, kwa kuwa viliandikwa kwa ajili ya miji iliyo karibu na usawa wa bahari. Geji za kawaida hupima tofauti kati ya mgandamizo ulio ndani ya bomba na ule wa hewa ya nje. Hewa ya nje ya Eldoret ina mgandamizo wa pauni 11.4 hivi kwa inchi ya mraba, ilhali ya Mombasa ni 14.7. Kwa hiyo gesi iliyo katika hali ileile itasomeka pauni 3 hivi zaidi hapa kwetu. R-404A inayochemka kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri itaonyesha karibu pauni 30 Mombasa na karibu pauni 33 Eldoret. Fundi anayefuata jedwali la pwani bila kurekebisha atasoma hali ya mashine vibaya.

Upande wa kuvuta hewa, tofauti ni kubwa zaidi. Mombasa sindano ya geji hushuka hadi karibu inchi 30. Hapa haiwezi kupita inchi 23 hivi, hata pampu iwe mpya kiasi gani. Wapo watakaoilaumu pampu bure. Kosa baya zaidi ni kuona inchi 23 na kudhani kazi imekamilika. Maji yaliyofichika kwenye mabomba wakati wa joto la kawaida husogeza sindano hiyo kwa chini ya inchi moja, tofauti ambayo jicho halitaiona. Dawa yake ni kutumia kipimo cha kielektroniki cha maikroni, ambacho husoma sawasawa popote.

Vivyo hivyo kwa kipimajoto cha sanduku. Usikijaribu kwa maji yanayochemka ukitarajia nyuzi 100, utakitupa kikiwa kizima. Ponda barafu, ichanganye na maji kidogo, koroga, kisha tumbukiza kipimajoto. Kinapaswa kusoma sifuri, Eldoret au Mombasa. Kikiwa kimepotoka kwa nyuzi 2, ujue kwamba gari lililowekwa nyuzi 3 huenda likawa linabeba chanjo kwenye nyuzi 1.

Hatari mbili zisizosamehe

Ya kwanza ni oksijeni. Fundi akikosa nitrojeni, asithubutu kujaribu mabomba kwa mtungi wa oksijeni wa kuchomelea. Oksijeni yenye mgandamizo ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka. Wala asichomelee bomba ambalo bado lina gesi, kwani moto huigeuza gesi hiyo kuwa moshi wa sumu.

Ya pili ni gesi bandia. Mwaka 2011, makontena ya friji yaliyohudumiwa kwa gesi ghushi yalilipuka na kuua wafanyakazi huko Vietnam na Brazil. Mitungi iliuzwa kama R-134a, kumbe ndani yake mlikuwa na kemikali iitwayo methyl chloride. Kemikali hiyo hushambulia aluminiamu na kuacha mabaki yanayoshika moto yakigusana na hewa. Mtungi wenye bei ya kutupa, usio na lebo ya mtengenezaji wala risiti, ni mtungi wa kukataa. Na gesi isichanganywe na nyingine. Mashine hujazwa ile tu iliyoandikwa kwenye kibandiko chake.

Gesi ikitoroka, inaenda wapi?

R-404A na R-134a haziharibu tabaka la ozoni kama gesi za zamani zilizodhibitiwa na Mkataba wa Montreal wa 1987. Lakini huhifadhi joto angani kwa kiwango kikubwa. Kilo moja ya R-404A ina athari ya zaidi ya kilo 3,900 za hewa ya kaboni. Hiyo ni sawa na kuchoma takriban lita 1,700 za petroli. Kwa sababu hiyo mataifa yalikutana Kigali mnamo Oktoba 2016 na kukubaliana kupunguza gesi hizi. Kwa nchi nyingi zinazoendelea, Kenya ikiwemo, ratiba ilianza kwa kutoongeza matumizi kuanzia 2024, kisha kupunguza kwa asilimia 10 kufikia 2029 na asilimia 80 kufikia 2045. Hapa nchini masuala haya yako chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA.

Kwa mwenye gari, maana yake ni rahisi. Gesi hizi zitazidi kuwa adimu, na anayejaza kila baada ya miezi michache atalipa zaidi kila mwaka kwa tundu lilelile.

Kazi ya dereva kila siku

Mashine nzima haiwezi kuokoa mzigo uliopakiwa vibaya. Gari la friji limeundwa kutunza baridi, halikuundwa kupoza mzigo wenye joto. Tupige hesabu. Tani 3 za maziwa yenye nyuzi 20 zikitakiwa kufika nyuzi 4, joto la kuondolewa ni takriban kilowati-saa 52. Mashine ndogo yenye uwezo wa kilowati 3 ingehitaji zaidi ya saa 17, bila kuhesabu joto linalopenya kutoka nje. Maziwa hayo yatakuwa yameharibika kitambo. Yapoze kwanza kituoni, ndipo uyapakie.

Kabla ya safari, poza sanduku likiwa tupu. Milango ikifunguliwa kwa ajili ya kupakia, zima mashine, la sivyo itavuta hewa yenye unyevu na kuijaza koili barafu. Acha nafasi ya hewa kupita chini, pembeni na juu ya mzigo, na usizibe mdomo wa feni. Kagua mpira wa mlango: ukifunga karatasi katikati na ikachomoka bila kukwama, mpira umechoka.

Angalia beliti, maji ya betri, na mafuta ya injini kwa mashine zenye injini yake. Osha koili ya nje kwa maji yasiyo na nguvu kali, kwani mkondo mkali hukunja mapezi yake. Wakati wa mavuno, makapi ya ngano na vumbi la mahindi huiziba haraka, kwa hiyo kati ya Oktoba na Desemba iangalie kila wiki. Koili iliyoziba huonyesha dalili zinazofanana na za gesi pungufu, na wapo waliouziwa gesi ilhali walichohitaji ni maji na brashi.

Maswali ya kumuuliza fundi

Kabla ya kulipa, mwenye gari amuulize fundi mambo matano. Tundu lilikuwa wapi? Draya imebadilishwa? Kipimo cha maikroni kilisoma ngapi, na kilikaa kwa muda gani? Umeweka gesi aina gani na uzito gani? Umeandika haya kwenye daftari? Fundi mwenye cheti cha mtihani wa ufundi wa NITA au cha chuo kinachotambulika hatachukizwa na maswali hayo. Anayekasirika ni yule asiye na majibu.

Naye mwenye duka, bucha au zahanati ana haki ya kuomba kuona rekodi ya joto la safari kabla ya kutia sahihi ya kupokea mzigo. Chukua kipimajoto chako, pima pakiti mbili au tatu za katikati na za karibu na mlango, kisha andika. Mzigo uliofika na joto lisilofaa ukatae, na uripoti kwa afisa wa afya ya umma wa wadi yako, au kwa afisa wa mifugo ikiwa ni nyama.

Jipime

1. Kwa nini si sahihi kusema gesi ya friji imeisha?
2. Sindano ya geji ikisimama kwenye inchi 23 hapa Eldoret, je, fundi anaweza kuwa na uhakika kwamba mabomba ni makavu?
3. Kwa nini nitrojeni hutumika kujaribu mabomba, na oksijeni hairuhusiwi kamwe?
4. Gari lako halifikii baridi wakati wa mavuno. Utakagua nini kabla ya kumwita fundi wa gesi?

Jibu maswali haya pamoja na dereva wako. Kisha pandeni juu ya gari kesho asubuhi, mkiwa na kitambaa safi, mkafute maungio ya mabomba yote. Rudini baada ya wiki moja. Penye mafuta mapya ndipo panapovuja.